Mpelelezi Aliyejua Kweli Lakini Akashindwa



Jioni, kazi za shamba zikiisha, vijana wengi wa Mpanda na vijiji vya jirani huenda kwenye banda la video. Wengine hutazama sinema nyumbani kwenye televisheni, na wengine kwenye simu ya mkononi. Ziko sinema za mapigano, za mapenzi, na ziko za upelelezi. Hizi za upelelezi hupendwa sana. Mtu ameuawa. Hakuna aliyeona. Anakuja mpelelezi, anauliza maswali, anaokota kitu kidogo ambacho wengine hawakukiona, na mwishoni muuaji anakamatwa. Watazamaji wanafurahi, wanakwenda kulala.

Lakini ziko sinema nyingine za upelelezi ambazo haziishi hivyo. Mpelelezi anaijua kweli yote, na bado mwovu anabaki na mali yake. Watu huguna bandani. "Sinema gani hii? Steringi ameshindwa!" Wengine hudai kurudishiwa hela zao.

Je, kwa nini mtu atengeneze sinema ya namna hiyo? Na je, sisi wakulima wa Katavi tunaweza kujifunza nini ndani yake? Hayo ndiyo tutakayoyaeleza leo. Soma polepole. Mahali pagumu, rudia.

MPELELEZI BINAFSI NI NANI?

Hapa kwetu uhalifu hupelelezwa na polisi. Mambo ya rushwa hupelelezwa na TAKUKURU. Hao wote ni watumishi wa serikali.

Mpelelezi binafsi ni mtu mwingine. Yeye hakuajiriwa na serikali. Anakodiwa na mtu mwenye shida, kama vile wewe unavyomkodi fundi akujengee nyumba. Mtu amepotelewa na mke, au na mali, au ana shaka juu ya kifo cha ndugu yake. Anakwenda kwa mpelelezi, anamlipa, naye anaanza kuchunguza. Hana uwezo wa kumweka mtu mahabusu. Silaha yake ni akili, macho, masikio na miguu.

Katika nchi nyingine, kama Marekani, kazi hii hufanywa kwa leseni. Kwetu sisi mpelelezi wa namna hii tunamfahamu zaidi katika vitabu na sinema.

BWANA MSA WA UNGUJA

Usidhani kwamba hadithi hizi ni za Wazungu tu. Waswahili nao wanazo, na ni nzuri.

Baba wa hadithi za upelelezi kwa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alianza kazi katika idara ya afya, akawa mkaguzi. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti. Kwa miaka kadhaa, mpaka alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Kwa hiyo mtu aliyetuletea mpelelezi wa Kiswahili alikuwa anawaandikia wakulima kama sisi.

Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958. Ilichapwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Watu wanaogopa, wanasema ni kazi ya mizimu. Lakini Bwana Msa, mzee mtulivu mwenye kiko chake mdomoni, hakubali. Yeye anatazama, anauliza, anafikiri. Mwishoni anaonyesha kuwa aliyeua ni mkono wa binadamu, na sababu zake ni za kibinadamu.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Bwana Msa alikuwa anawaambia wasomaji: msiogope, tumieni akili, kila jambo lina chanzo chake.

Baada yake wakaja wengine. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, akatuletea Inspekta Wingo wa polisi. Elvis Musiba aliandika Kufa na Kupona mwaka 1974, na humo tukamjua Willy Gamba, jasusi wa serikali. Halafu akaja Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa jirani wa Kigoma, aliyeishi kati ya mwaka 1958 na 2008. Yeye alimbuni Joram Kiango, mpelelezi binafsi wa Dar es Salaam.

Mashujaa hawa wanatofautiana. Bwana Msa anakaa kitini na kufikiri. Willy Gamba anapiga risasi. Lakini jambo moja wanafanana: mara nyingi sana wanashinda. Msomaji akifika ukurasa wa mwisho, fundo limefunguliwa na mwovu ameadhibiwa.

SINEMA NYEUSI

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Marekani, ambako sinema nyingi za upelelezi zilitengenezwa.

Katika miaka ya 1940 Wamarekani walitengeneza sinema nyingi za uhalifu wa mjini. Picha zilikuwa na giza. Ni usiku, mvua inanyesha, taa moja tu inawaka, uso wa mtu nusu unaonekana na nusu hauonekani. Baadhi ya waliozitengeneza walikuwa wamekimbia utawala wa Hitler huko Ulaya, na walikuwa wameyaona mabaya ya dunia. Mwaka 1946 waandishi wa Ufaransa walizitazama sinema hizo wakazipa jina: "sinema nyeusi". Hawakusema nyeusi kwa ajili ya rangi ya watu. Walikuwa na maana ya giza la usiku na giza la mioyo.

Katika nyingi ya sinema hizo, shujaa ni mpelelezi binafsi. Anayejulikana sana ni Sam Spade wa sinema ya The Maltese Falcon, iliyotoka mwaka 1941. Aliyeiongoza ni John Huston. Lishike jina hilo, tutalirudia. Mwingine ni Philip Marlowe wa sinema ya The Big Sleep, ya mwaka 1946. Wote wawili waliigizwa na mtu mmoja, Humphrey Bogart.

Huyu mpelelezi wa zamani alikuwaje? Si tajiri. Ofisi yake ndogo. Anaongea maneno makali. Anaishi kati ya waongo na wala rushwa, lakini yeye mwenyewe hanunuliki. Mji umeoza, ila yeye ni mzima. Na kwa sababu yeye ni mzima, kweli hupatikana.

MAMBO YANAGEUKA

Ilipofika miaka ya 1970, Wamarekani wenyewe walikuwa wamebadilika. Walikuwa vitani Vietnam, na vita ile haikuwaendea vizuri. Mwaka 1974 Rais wao, Richard Nixon, alijiuzulu baada ya maovu ya watu wake kufichuliwa. Watu wakaanza kuuliza: kama mkubwa wa nchi anaweza kusema uongo, mpelelezi mmoja mwenye ofisi ndogo atafanya nini?

Basi watengenezaji wa sinema wakaichukua hadithi ile ile ya mpelelezi, wakaipindua. Ni kama mtu anayegeuza nguo ndani-nje ili watu waone mishono.

Mwaka 1973 ilitoka The Long Goodbye, iliyoongozwa na Robert Altman. Mpelelezi ni yule yule Philip Marlowe. Lakini safari hii tunamkuta usiku wa manane akihangaika kumtafutia paka wake chakula, na paka anamkatalia. Marlowe huyu anaamini urafiki. Anakubali kusumbuliwa na polisi ili amlinde rafiki yake. Kumbe rafiki huyo ni muuaji, na alikuwa anamtumia tu. Heshima ya mpelelezi, iliyokuwa ngao yake zamani, sasa inamfanya aonekane mjinga.

Mwaka 1975 ikatoka nyingine, Night Moves. Humo mpelelezi anaelewa mambo akiwa amekwisha kuchelewa. Watu wamekufa, naye amebaki majeruhi ndani ya mashua inayozunguka baharini bila mtu wa kuishika usukani.

Hata kwetu, dalili za mageuzi hayo zilionekana. Mwaka 1984 Muhammed Said Abdulla alitoa kitabu kipya juu ya mzee wetu wa kiko. Kinaitwaje? Kosa la Bwana Msa. Jina hilo peke yake linashtua. Mtu ambaye kwa miaka mingi tulimjua kuwa hakosei, sasa kosa lake limeandikwa juu ya jalada.

KISA CHA MAJI

Katika sinema hizi zilizopinduliwa, iko moja ambayo mkulima ataielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Inaitwa Chinatown, ilitoka mwaka 1974. Aliyeiongoza ni Roman Polanski, na aliyeiandika ni Robert Towne, ambaye alipata tuzo kubwa ya Oscar kwa uandishi huo. Tuieleze kwa utaratibu, kwa sababu kisa chenyewe ni cha maji na ardhi.

Ni mwaka 1937, katika jiji la Los Angeles. Kuna ukame. Mpelelezi binafsi aitwaye Jake Gittes anatembelewa na mwanamke. Mwanamke anasema: "Mume wangu ana hawara, mchunguze." Mume huyo ni Hollis Mulwray, mhandisi mkuu wa maji wa jiji. Gittes anamfuata, anampiga picha akiwa na msichana. Picha zinaingia gazetini. Mhandisi anaaibika.

Kumbe yule mwanamke hakuwa mke wa mhandisi. Alilipwa aigize. Watu fulani walitaka kumchafulia mhandisi jina, kwa sababu alikataa kujenga bwawa walilolitaka. Hivyo mpelelezi, mwanzoni kabisa, ametumiwa na waovu bila kujua.

Siku chache baadaye mhandisi anakutwa amekufa maji. Jambo la ajabu: maji yaliyokutwa ndani ya mapafu yake ni ya chumvi. Gittes anaanza kuchunguza. Anagundua kuwa usiku, wakati jiji linalia kiu, maji yanafunguliwa na kumwagwa baharini. Kwa nini? Ili ukame uzidi, wananchi waogope, wapige kura kukubali bwawa lijengwe kwa fedha zao.

Halafu anakwenda kwenye bonde la wakulima nje ya jiji. Anawakuta wana hasira. Maji yamekatwa, visima vimetiwa sumu. Wengi wanauza mashamba kwa bei ya kutupa. Nani ananunua?

Sikiliza vizuri hapa, ndugu msomaji. Gittes hapati jibu kwa bastola. Analipata kwa kusoma. Anakwenda ofisi inayotunza kumbukumbu za ardhi. Anafungua daftari kubwa. Anaona kuwa sehemu kubwa ya bonde imebadilisha wenyewe katika muda mfupi. Ananyakua ukurasa mmoja, anakohoa ili karani asisikie karatasi inapochanika. (Wewe usifanye hivyo katika ofisi ya kijiji. Omba kunakili.) Baadaye anaona tangazo la tanzia gazetini. Mtu aliyetajwa kuwa mnunuzi wa shamba alikuwa amekwisha kufa siku ile shamba liliponunuliwa! Maiti inanunuaje shamba? Gittes anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anasoma majina ukutani. Ni yale yale ya kwenye daftari la ardhi. Wazee wale hawajui kabisa kuwa wao ni matajiri wa mashamba. Majina yao yametumiwa tu.

Nyuma ya yote yuko mzee mmoja tajiri sana, Noah Cross. Anataka kununua bonde likiwa kavu, kwa bei ndogo. Kisha bwawa litajengwa kwa fedha za umma, maji yatapelekwa bondeni, na ardhi yake itapanda bei. Huyo Cross ni baba wa mke wa kweli wa mhandisi, aitwaye Evelyn. Na iko siri nyingine nyumbani mwake, mbaya kuliko ya ardhi: alimnajisi binti yake huyo alipokuwa na miaka 15, akazaa naye mtoto wa kike. Yule msichana wa kwenye picha ndiye mtoto huyo.

Gittes anapata miwani iliyokuwa ndani ya bwawa dogo la maji ya chumvi nyumbani kwa Evelyn. Miwani ni ya Cross. Huo ni ushahidi wa mauaji. Gittes anafanya nini? Anamkabili Cross usiku, akiwa peke yake, miwani iko mfukoni. Mtu wa Cross anamwekea bastola, miwani inachukuliwa. Ushahidi umekwisha.

Mwisho wake ni mtaa wa Wachina, ambao ndio jina la sinema. Evelyn anajaribu kumtorosha binti yake kwa gari. Polisi wanapiga risasi. Evelyn anakufa papo hapo. Cross anamchukua yule msichana mikononi mwake. Ardhi anayo, maji anayo, mtoto anaye. Gittes anavutwa na wenzake, hana la kusema.

Mwandishi Towne alitaka mwisho ambao mwovu anakufa. Mwongozaji Polanski ndiye aliyekataa. Na sasa lirudie lile jina tulilokwambia ulishike. Aliyeigiza kama Noah Cross ni John Huston, yule yule aliyeongoza The Maltese Falcon mwaka 1941! Mtu aliyempa dunia mpelelezi mshindi ndiye aliyechaguliwa kuwa mwovu anayemshinda mpelelezi.

Mambo ya sinema hii yamebuniwa, lakini chanzo chake ni cha kweli. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilimaliza kujenga mfereji wa karibu kilomita 375 wa kuleta maji kutoka bonde la mto Owens. Wakulima wa bonde hilo waliona maji yao yanaondoka. Mwaka 1924 baadhi yao waliulipua mfereji kwa baruti. Maji hayakurudi.

WATU WEUSI NAO WAKAWA WAPELELEZI

Jambo jingine liligeuzwa. Zamani mpelelezi wa sinema za Marekani alikuwa Mzungu. Mtu mweusi alikuwa mfungua mlango au mpiga muziki.

Mwaka 1971 ilitoka Shaft, iliyoongozwa na Gordon Parks, ambaye mwenyewe alikuwa mtu mweusi. John Shaft, aliyeigizwa na Richard Roundtree, ni mpelelezi binafsi mweusi wa New York. Mwaka 1973 ikatoka Shaft in Africa, na sehemu yake ilipigwa Ethiopia, hapa hapa Afrika Mashariki. Shaft anatumwa kuwafichua watu wanaowasafirisha vijana wa Kiafrika kwenda Ufaransa. Vijana wanaahidiwa kazi nzuri, kumbe wanakwenda kutumikishwa kama watumwa. Shaft anashinda, kama steringi wa zamani. Lakini uhalifu wenyewe haukuwa wa kubuni tu. Mpaka leo wako wanaodanganya vijana kwa ahadi za kazi za mbali. Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008.

Mwaka 1995 ikatoka Devil in a Blue Dress, ya Carl Franklin. Hii inamhusu Easy Rawlins, aliyeigizwa na Denzel Washington. Ni mwaka 1948. Easy ametoka vitani, amefukuzwa kazi kiwandani, na nyumba yake ina deni. Anakubali kazi ya kumtafuta mwanamke kwa sababu ya shida ya fedha tu. Polisi wanamsumbua kwa ajili ya rangi yake. Lakini ana kitu ambacho Gittes hakuwa nacho. Ana majirani. Watu wa mtaani wanamjua, wanamwambia mambo ambayo hawamwambii Mzungu. Easy hakuibadilisha dunia, lakini alibaki hai na nyumba yake alibaki nayo.

KWA NINI GITTES ALISHINDWA?

Watu wengi wakimaliza kuitazama Chinatown husema: "Mwenye nguvu mpishe." Yaani tajiri hawezekani, nyamaza tu. Je, hilo ndilo funzo?

Tuangalie tena. Gittes hakukosa akili. Alikosa mambo matatu.

Kwanza, alikosa watu. Wakulima wa bonde walikuwa wengi, wenye hasira, na jambo lilikuwa lao. Gittes hakukaa nao hata siku moja kuwaeleza alichokisoma kwenye daftari. Wao waliendelea kupigana na kila mgeni, bila kumjua adui wa kweli.

Pili, ushahidi aliuweka mfukoni. Kitu kinachojulikana na mtu mmoja huibwa kwa bastola moja. Kikijulikana na watu mia, utawanyang'anya wangapi?

Tatu, alichelewa kuuliza swali la kwanza: nani anafaidika? Alipokodiwa na yule mwanamke wa uongo hakuuliza ni nani anafaidika mhandisi akiaibika. Angeuliza, asingetumiwa.

Kwa hiyo sinema hii haisemi tu kwamba mwovu ana nguvu. Inasema kuwa shujaa wa peke yake ni ndoto. Wahenga wetu walikwisha sema: kidole kimoja hakivunji chawa.

SISI WA KATAVI

Ardhi na maji si mambo ya sinema kwetu. Mto Katuma unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki mpaka hawana nafasi ya kugeuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mabwawa na mifereji ya kumwagilia mashamba, huko juu ya hifadhi, ilikuwa imepunguza sana maji ya mto huo wakati wa kiangazi.

Sasa tumlete Gittes apeleleze kisa hiki. Atamkamata nani? Hatamkuta Noah Cross. Atamkuta mkulima mmoja aliyeziba kidogo ili mpunga wake usife. Atamkuta na wa pili, na wa mia. Kila mmoja ana watoto wa kulisha. Kila mmoja atasema: "Mimi nimechukua kidogo tu." Maji yamekwisha, na mwizi haonekani. Hapo hata Bwana Msa na kiko chake angekwama. Jambo la namna hii hutatuliwa na watu kukaa pamoja na kukubaliana: nani anachukua maji, kiasi gani, siku gani.

Sheria zinatupa njia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni ya umma. Kuyachepusha mtoni kunahitaji kibali, na watumia maji wanaweza kuunda jumuiya yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wewe na jirani yako, wote mliotimiza miaka 18.

Lakini sheria haisemi kwa mdomo. Imeandikwa. Muhtasari wa mkutano umeandikwa. Ramani ina maandishi. Mkataba una maandishi, na mahali pa kutia sahihi. Ule ujanja wa majina ya wazee uliwezekana kwa sababu wazee wale hawakuonyeshwa karatasi zenye majina yao. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba palipoonyeshwa. Leo wewe unasoma gazeti hili. Basi uwezo aliokuwa nao Gittes mbele ya lile daftari, unao na wewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, unapokwenda mkutanoni, fanya haya:

1. Omba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti. Sikiliza kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa.

2. Likitajwa eneo la kugawiwa mtu, uliza ni la ukubwa gani, mipaka yake iko wapi, na nani anafaidika.

3. Usitie sahihi karatasi ambayo hukuisoma yote. Kama ina maneno magumu, soma pamoja na mwenzako.

4. Ukigundua jambo, usiliweke mfukoni. Waambie wenzako, liandikwe, nakala zibaki mahali zaidi ya pamoja.

Steringi wa sinema ni mmoja, kwa sababu tiketi imekatwa ili tumtazame yeye. Kijijini hakuna haja ya steringi. Kijiji chenye wasomaji mia mbili wanaolifungua daftari lao na kuuliza maswali kina wapelelezi mia mbili. Noah Cross angepata tabu sana hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Bwana Msa aliwafundisha nini wasomaji wake kuhusu uoga wa mizimu?

2. Je, ni vizuri sinema iishe kwa mwovu kushinda? Toa sababu zako.

3. Methali "Mwenye nguvu mpishe" na "Kidole kimoja hakivunji chawa" zinapingana. Wewe unafuata ipi, na lini?

4. Katika kijiji chenu, kumbukumbu za ardhi zinatunzwa wapi? Ni nani kati yenu amewahi kuzisoma?

MANENO YA KUKUMBUKA

Hawara: mpenzi wa nje ya ndoa.
Kunakili: kuandika upya maneno yale yale kutoka katika karatasi nyingine.
Kuchepusha maji: kuyatoa maji kwenye njia yake na kuyapeleka kwingine.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Tanzia: habari ya kifo.
Ushahidi: kitu au maneno yanayothibitisha jambo.